Inchi Moja Kati ya Land Rover 109 na 110



Chama kimoja cha msingi kimeleta makisio yake yakiwa na fungu la kuuza Land Rover 109 ya petroli, ambayo chama kimekaa nayo miaka mingi, na kununua Land Rover 110 ya dizeli iliyokwisha tumika. Sababu iliyoandikwa katika muhtasari wa kikao ni mstari mmoja tu: gari la pili lina nguvu zaidi. Wajumbe waliambatisha karatasi mbili za vipimo. Ya kwanza ni ya miaka ya 1960, nayo imechapwa kwa inchi, ratili na galoni. Ya pili ni ya miaka ya 1990, imechapwa kwa milimita, kilo na lita. Hakuna aliyezigeuza zikawa za kipimo kimoja. Namba ziliwekwa sambamba, kubwa ikashinda ndogo, na kura zikapigwa.

Nimeyarudisha makisio hayo, si kwa kuyakataa, bali ili hesabu ifanywe upya. Kwa kuwa vyama vyetu vingi havina uwezo wa kununua gari jipya, na magari ya aina hizi mbili bado yapo mikononi mwa watu wengi, swali hili litarudi msimu baada ya msimu. Yafaa basi lielezwe hapa kwa kirefu.

Tuanze na majina. Namba 109 na 110 hazielezi nguvu wala uzito. Ni urefu wa kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kwa inchi. Inchi 109 ni milimita 2,769, na inchi 110 ni milimita 2,794. Tofauti ni milimita 25, upana wa vidole viwili hivi. Katika kikao cha chama hicho mzee mmoja aliuliza kama gari lililowatumikia baba zao linauzwa kwa ajili ya inchi moja. Watu walicheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, maana lililazimu mtu aeleze kilichobadilika zaidi ya hiyo inchi.

Land Rover 109 za Series II zilianza kutoka mwaka 1958, zikafuatwa na Series IIA mwaka 1961, kisha Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Iliyo changa kuliko zote, basi, imekwisha timiza miaka 40. Baadhi zilikuwa mali ya vyama vikuu vya Tanzania hata kabla ya vyama hivyo kuvunjwa mwaka 1976. Land Rover 110 ilitolewa mwaka 1983, ikaongezewa jina la Defender mwaka 1990, na gari la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016. Kwa hiyo mtu akisema “110” amelitaja gari lililotengenezwa kwa zaidi ya miaka 30 likiwa na injini nyingi tofauti. Ya mwaka 1983 yaweza kuwa na injini ileile ya sentimita za ujazo 2,286 iliyokuwamo katika 109. Yenye injini ya Td5, iliyoanza mwaka 1998, inaendeshwa kwa kompyuta, na fundi wa kijijini hawezi kuigusa bila chombo maalumu. Katibu asikubali neno “110” peke yake katika barua ya muuzaji. Atake mwaka na jina la injini.

Magari ninayoyalinganisha hapa ni yale ya chama hicho: 109 Series IIA ya petroli, na 110 ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli iitwayo 300Tdi.

Sasa nguvu za farasi. Karatasi ya 109 inasema 77 kwa mizunguko 4,250 ya injini kwa dakika. Karatasi ya 110 inasema 111 kwa mizunguko 4,000. Zikitazamwa hivyo, gari la pili limelizidi la kwanza kwa 34. Lakini yapo mambo mawili ambayo karatasi hazisemi. La kwanza ni namna ya kupima. Zamani viwanda vya Uingereza vilizoea kuipima injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, imevuliwa feni, dainamo na bomba la moshi la gari, yaani imepunguziwa kila kinachoila nguvu. Baadaye ulitumika utaratibu wa Kijerumani uitwao DIN, ambao huipima injini ikiwa na vifaa vyake kama ilivyo ndani ya gari. Ndiyo sababu injini ya petroli ya 109 inaandikwa 77 katika vitabu vya miaka ya 1960, na katika vitabu vya Series III inaandikwa 70. Injini haikudhoofika, ila mizani ilibadilika. Mkulima aliyewahi kupima kahawa yake kwenye mizani mbili ananielewa bila maelezo zaidi.

La pili ni kwamba nguvu za farasi hupimwa injini ikiwa inakaribia mwisho wa mbio zake, na gari la chama haliishi huko. Linaishi kwenye gia ya pili, kwenye mlima wenye utelezi, likiwa na mzigo. Hapo linahitaji msokoto, yaani nguvu ya injini ya kulizungusha gurudumu. Karatasi ya 109 inautaja kuwa futi-ratili 124 kwa mizunguko 2,500. Ukizidisha futi-ratili kwa 1.356 unapata kipimo cha Nyutoni-mita, nayo 124 inakuwa 168. Karatasi ya 110 inataja Nyutoni-mita 265 kwa mizunguko 1,800. Hii ndiyo tofauti ya kweli baina ya injini hizi mbili, nayo ni kubwa kuliko ile ya nguvu za farasi: msokoto umezidi kwa zaidi ya nusu, tena unapatikana injini ikiwa bado inakwenda polepole. Dereva haitaji kuikanyaga mafuta mpaka ilie. Kwa hiyo wajumbe walikuwa na haki waliposema gari la pili lina nguvu zaidi, ila walionyesha namba isiyostahili kuwa shahidi.

Hata hivyo, chama hakinunui nguvu. Kinanunua uwezo wa kuyafikisha magunia kiwandani. Hapo ndipo nilipotazama kwanza, na ndipo ambapo hakuna mjumbe aliyetazama.

Kila gari lina uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa na kiwanda, gari lenyewe likiwa pamoja na mafuta, watu na mzigo. Kwa 109 uzito huo ni kilo 2,710. Kwa 110 ya kawaida ni kilo 3,050. Toa uzito wa gari tupu, kisha toa uzito wa watu, na kilichobaki ndicho mzigo. Tuseme kwa mfano kwamba 109 tupu ni kilo 1,600, na 110 tupu ni kilo 1,850. Ndani wapo dereva, karani na mpakiaji mmoja, kila mtu kilo 75, jumla kilo 225. Kwa 109 zinabaki kilo 885. Kwa 110 zinabaki kilo 975. Ukigawanya kwa gunia la kilo 60, la kwanza linachukua magunia 14, na la pili magunia 16.

Magunia mawili! Haya ndiyo ambayo mkutano mkuu ulistahili kuambiwa kabla ya kunyoosha mikono. Katika mfano huu 110 ni gari zito zaidi, na sehemu kubwa ya uzito iliyoongezewa ruhusa imekwisha liwa na mwili wake lenyewe.

Najua msomaji fulani anatabasamu, kwa kuwa 109 ya chama chake hushuka mlimani na magunia 25. Nimeiona kwa macho yangu. Magunia 25 ni kilo 1,500. Ongeza watu na gari lenyewe, unapata kilo 3,325, yaani kilo 615 juu ya kikomo. Gari linakwenda, ni kweli. Lakini breki za 109 ni za drum katika magurudumu yote manne, nazo zikishika joto kwenye mteremko mrefu hulegea, wakati ambapo dereva anazihitaji zaidi. Tena shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, katika 109 za kabla ya Series III, zinajulikana kwa kukatika zikilemewa. Katika Series III kiwanda kiliweka ekseli ya nyuma iliyo imara zaidi, iitwayo Salisbury. Katibu anayeona katika daftari kwamba shafti zimenunuliwa mara kwa mara asimshuku dereva kwa wizi kabla hajahesabu magunia.

Tofauti nyingine ziko chini ya gari, nazo zinaonekana kwa mtu aliye tayari kuinama. 109 inakaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. 110 inakaa juu ya springi za koili. Koili hulitua gari kwa upole katika mashimo, na abiria hafiki akiwa amevunjika kiuno. Springi za vyuma bapa ni ngumu, lakini bapa moja likikatika, mhunzi wa sokoni anaweza kutengeneza jingine. Breki za mbele za 110 ni za diski na zinasaidiwa na chombo cha kupunguza jasho la mguu, na kwa maoni yangu hili peke yake ni jambo zito kwa chama kilicho kwenye miteremko. 109 ina gia nne za kwenda mbele, na katika Series IIA ya kwanza na ya pili huingia kwa ustadi wa dereva, maana hazina chombo cha kulinganisha mwendo. 110 hii ina gia tano, na zote huingia bila ugomvi.

Namna ya kuvuta kwa magurudumu manne nayo ni tofauti, na madereva wanaohama kutoka gari moja kwenda jingine hukosea hapa. 109 kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Dereva anayetaka ya mbele pia hubonyeza fimbo yenye kirungu cha njano, na akitaka gia nzito huvuta ile yenye kirungu chekundu. Akifika barabara kavu ni lazima ayaachilie magurudumu ya mbele, la sivyo matairi na gia vinasagika. 110 huvutwa na magurudumu yote manne wakati wote, na ina difu ya katikati inayoweza kufungwa dereva akikwama matopeni. Kufungwa huko ni kwa matope tu. Dereva akisahau kuifungua na kwenda nayo kwenye lami, atailetea chama gharama ambayo karatasi ya vipimo haikuitaja.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonigharimu heshima. Injini ya 109 huendesha vali zake kwa mnyororo wa chuma. Injini ya 300Tdi huendesha vali na pampu ya dizeli kwa mkanda wa mpira wenye meno. Mkanda una umri. Ukipita umri huo hukatika bila kubisha hodi, na vali zikakutana na pistoni. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimehamishiwa wilaya ya kahawa, chama kimoja kiliniomba ushauri juu ya 110 ya namna hii. Nilikagua kadi ya gari, nikakagua hati ya mauzo, nikalinganisha bei na makisio, nikaandika kwamba sioni kizuizi. Juu ya mkanda sikuuliza. Katika mwezi wa pili wa msimu ulikatika njiani, magunia yakiwa juu ya gari. Matengenezo yalichukua wiki tano. Chama kilikodi lori, na nauli ya lori hilo ikatolewa katika fedha ambazo zingekuwa malipo ya pili ya wakulima. Kwenye mkutano hakuna aliyemtaja muuzaji. Walinitazama mimi, nao walikuwa na haki.

Tangu siku hiyo nashika kanuni moja: mkanda usio na risiti ya kubadilishwa uhesabiwe kwamba haujabadilishwa, na gharama ya mkanda mpya pamoja na fundi iongezwe kwenye bei ya gari kabla ya kulinganisha. Kitabu cha kiwanda kimeweka muda wa kuubadilisha, na kinataka muda huo ukatwe nusu kwa gari linalofanya kazi kwenye vumbi. Barabara zetu sina haja ya kuzieleza.

Katika mambo ya vipuri vichache vinapatana. Matairi ya magari yote mawili kwa kawaida ni ya kipimo kimoja, 7.50 kwa 16, kwa hiyo akiba iliyo stoo haitapotea. Spana ni habari nyingine. 109 inataka spana za inchi, ambazo fundi mzee anazo na kijana hana. 110 ina nati nyingi za milimita, na nimeshuhudia vichwa vya bolti vikiliwa na spana iliyokaribia kutosha.

Mafuta yanataka hesabu ya kila chama peke yake. Vitabu vya zamani hutaja maili kwa galoni. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, na maili ni kilometa 1.609, hivyo maili 16 kwa galoni ni kilometa 5.7 kwa lita, na maili 25 ni kilometa 8.8. Tuchukue namba hizo kwa mfano, ya kwanza kwa 109 ya petroli na ya pili kwa 110 ya dizeli. Chama kinachosafiri kilometa 12,000 kwa mwaka kitatumia lita 2,105 kwa gari la kwanza na lita 1,364 kwa la pili. Kimeokoa takriban lita 740. Chama kinachozunguka vituo vya karibu tu, kilometa 3,000 kwa mwaka, kitaokoa lita 185. Weka bei ya mafuta ya mji wako, kisha uone itachukua miaka mingapi kuirudisha tofauti ya bei ya magari hayo. Kwa chama cha kwanza naona 110 inajitetea yenyewe. Kwa chama cha pili, iwapo chesisi ya 109 ni nzima, ningezitumia fedha hizo kuzifufua breki zake na kubadilisha springi zilizochoka, na nisingeona haya kusema hivyo mbele ya vijana.

Nasema iwapo chesisi ni nzima, maana bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haioneshi kutu, na huwadanganya wengi. Chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, na kutu hukaa humo kimyakimya. Igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Mahali palipooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Hili ni kwa magari yote mawili.

Yafaa pia kuhakikisha kwamba gari ni lile lililoandikwa. Bodi za Land Rover hufungwa kwa bolti, na uso wa gari moja waweza kufungwa kwenye mwili wa jingine. Usilitambue gari kwa uso. Inama utazame springi. Kisha soma namba ya chesisi: ya 110 huanza na herufi SALLD, na herufi ya sita ni H. Namba hiyo pamoja na ile ya injini zilingane na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Injini iliyobadilishwa si kosa, lakini ni lazima iwe imeandikwa kwenye kadi.

Kwa hiyo makisio yoyote ya kubadilisha gari yaletwe yakiwa na karatasi ya mizani ya gari tupu, idadi ya kilometa za mwaka uliopita kutoka daftari la safari, risiti ya mkanda kama injini ina mkanda, nakala ya kadi, na maoni ya fundi juu ya chesisi na breki. Karatasi za vipimo zije zimegeuzwa kuwa kilo, lita na milimita.

Chama nilichokitaja mwanzoni kimekwisha ipeleka 109 yake kwenye mizani. Imeonyesha kilo 1,740 ikiwa tupu, kwa sababu ya tangi la pili na bamba la chuma lililochomelewa sakafuni zamani, ambalo hakuna anayekumbuka lilifungwa kwa amri ya nani. Kwa watu watatu zinabaki kilo 745, nayo ni magunia 12. Karani ananiambia wameanza kwa kuling'oa bamba.